Kufunga waya za loga ya mvua na mto: betri iwe ya mwisho

Yale maboksi ya kijivu unayoyaona kwenye nguzo pembeni ya daraja, yana antena juu na kebo imeshuka mtoni, ndani kuna loga inayorekodi vipimo na kuvituma kwa mtandao wa simu. Watunzaji wa vituo wanatuuliza sana mbona data inakatika, na mara nyingi loga ni nzima kabisa, ishu iko kwenye waya.

Funga sensa kwanza, kisha antena, betri ndo ya mwisho. Modemu, yaani kile kifaa cha ndani kinachotuma data kwa mtandao wa simu, ikianza kutuma bila antena inaweza kuungua, na hata isipoungua itahangaika kutafuta mtandao mpaka imalize betri. Na zile betri za lithiamu za volti 3.6 zisizochajiwa usijaribu kuzichaji, zinaweza kulipuka.

Kipima mvua cha vijiko ni rahisi, waya mbili tu, hazina chanya wala hasi, ndani kuna swichi ya sumaku na kijiko kikipinduka loga inahesabu moja, kwa vingi hiyo ni mm 0.2 ya mvua. Sensa ya kina cha maji ya miliampia 4 hadi 20 hiyo usigeuze waya, haitasoma. Uzuri wake 4 ndo sifuri ya kipimo, kwahiyo ukikuta 0 kabisa usiseme mto umekauka, kuna waya umekatika. Nyingi pia zina kamrija kembamba ka hewa ndani ya kebo ili presha ya hewa isihesabiwe kama maji, watu wanakaziba kwa tepu wakidhani wanazuia maji, matokeo yake presha ya hewa ikipanda hektopaskali 1 kipimo kinadanganya karibu sm 1.

Sensa za SDI-12, yaani zinazoongea na loga kidijitali, zina waya tatu, umeme, data na ethi. Sensa kadhaa zinaweza kukaa kwenye waya mmoja wa data ila kila moja iwe na anwani yake, nyingi zinatoka kiwandani na 0 na zikigongana husikii hata moja. Rangi usizikariri, za kampuni ya METER kahawia ni umeme na chungwa ni data, lakini zao za zamani umeme ulikuwa mweupe, soma karatasi ya sensa uliyonayo.

Antena isimame wima, nje ya boksi la chuma, na kebo yake iwe fupi maana kebo ndefu inakula mawimbi. Kaza kwa vidole, koleo inavunja konekta. Juu zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ile ya kawaida ya umeme juani inaachia. Kebo zote ziingilie chini ya boksi, na zining'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje.

Kabla hujafunga boksi pindua kijiko kwa mkono mara tano uone kama loga imehesabu tano, halafu andika saa uliyofanya hivyo, la sivyo ofisini watairekodi kama mvua.