Wolpepa mpya haibandikwi juu ya kuukuu

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama mmoja wa Mbezi Beach: "Fundi, kubandua kwa nini? Si ubandike juu kwa juu, mbona hii imeshika vizuri tu!"

Nikamwomba maji. Nikalowesha sponji, nikaipitisha kwenye maungio ya wolpepa yake, tukasubiri. Dakika chache tu, ukingo ukaanza kujikunja kama jani la mgomba juani. Gundi mpya itafanya hivyohivyo, maana sehemu yake kubwa ni maji. Yakipenya kwenye maungio, gundi ya zamani inalainika. Halafu karatasi mpya ikikauka inajivuta, na ile ya chini inaifuata. Lawama anabeba fundi.

Kubandua kwenyewe si kazi ya ajabu. Wolpepa ya vinaili, yaani yenye ngozi ya plastiki, haipitishi maji, kwa hiyo vuta kwanza ngozi ya juu, ndipo uloweshe.

Kinachoniudhi hasa ni kinachobaki. Vinaili ikitoka inaacha karatasi nyembamba nyeupe, na mafundi wengi wanaipiga skimu, ile lipu nyembamba ya kulainishia ukuta, hapohapo wakidhani ni ukuta. Jamani, ile bado ni wolpepa! Lowesha kwa maji ya vuguvugu, subiri robo saa, kwangua taratibu kwa skrepa pana. Kisha osha, maana gundi haionekani kwa macho. Lowesha kiganja, sugua ukuta: ukiteleza kama bamia, rudia kuosha. Tone la ayodini kutoka duka la dawa hugeuka bluu iliyoiva palipo na gundi ya wanga, lakini kwa gundi ya selulosi halibadiliki. Ndiyo maana naamini zaidi kiganja.

Panapo skimu dhaifu ya jipsamu sina msimamo mmoja, nakiri. Ukilowesha sana, skimu yote inashuka na karatasi. Mara nyingine nimeacha kipande kilichong'ang'ania, nikapiga msasa kingo zake na kukifunika kwa praima (rangi ya kwanza) ya mafuta. Vingi vimetulia. Kimoja kilivimba masika yalipoingia, na mpaka leo kila nikiacha kipande roho haitulii.

Mashimo, puti, msasa, praima: hayo mnayajua.

Ila ukuta ukauke. Kwa hewa yetu ya pwani, hasa Machi hadi Mei, kukauka kwa juu hakutoshi. Kata nailoni safi, sentimita 30 kwa 30, ibane pande zote nne kwa selotepu, iache usiku kucha. Ukuta wa yule mama unaopakana na bafu niliuwekea jana jioni. Asubuhi nailoni ilikuwa na matone kwa ndani: unyevu bado unatoka ukutani. Nimemwambia aite fundi bomba kwanza; roli za wolpepa zimerudi kabatini.