Ile miaka saba ya dhiki kuu imetoka wapi?

Nafundisha Danieli na Ufunuo, na darasa jipya likianza huwa nawaambia watu kitu kimoja tu, nionyesheni mstari unaosema dhiki kuu, yaani ile taabu kubwa ya mwisho kabla Kristo hajarudi, itakuwa ya miaka saba. Basi mtu anafungua Ufunuo anajiamini kabisa, anaanzia sura ya 6, anapita 11, anafika 13, anaruka mpaka 20, anarudi nyuma, kimya. Haupo. Ufunuo umejaa saba kila kona, makanisa saba, mihuri saba, baragumu saba, vitasa saba, hadi ngurumo saba, lakini miaka saba ya dhiki hakuna.

Kilichopo ni miezi 42 (11:2 na 13:5), siku 1,260 (11:3 na 12:6), na ule msemo wa wakati na nyakati na nusu ya wakati (12:14). Ukipiga hesabu ya mwezi wa siku 30 zote ni kitu kimoja, miaka mitatu na nusu. Hapo ndo utasikia mtu anasema sawa, mitatu na nusu jumlisha mitatu na nusu, si saba hiyo? Sasa nani kakwambia zinajumlishwa? Yohana hajasema popote kwamba ni vipindi viwili vinavyofuatana, inawezekana kabisa ni kipindi kilekile anakirudia kwa picha tofauti, na wasomaji wengi tu wameisoma hivyo. Mtu anayejumlisha ameshakuja na saba yake mfukoni, na hiyo saba ameitoa Danieli 9.

Kwa hiyo twende Danieli 9, manake mzigo wote wa ile chati ya nyakati za mwisho unayoionaga imechorwa ukutani umekalia mistari minne tu, 24 mpaka 27. Danieli anasoma Yeremia, anakuta uhamisho wa Wayahudi Babeli ni wa miaka 70, anaona muda unakaribia, anaanza kuomba, na sehemu kubwa ya sura ni hiyo sala ya toba ambayo watu wa chati huwa hawaisomi. Alafu Gabrieli anakuja na jibu: si 70 tu, ni majuma 70. Hapa karibu wote wanakubaliana kwamba juma ni miaka saba, kwa hiyo jumla ni miaka 490, imegawanywa majuma 7, alafu 62, alafu moja la mwisho. Baada ya yale 62 masihi anakatiliwa mbali, na watu wa mkuu atakayekuja wanauangamiza mji na patakatifu. Alafu mstari wa 27: "Naye atafanya agano thabiti na watu wengi kwa muda wa juma moja", na katikati ya juma anakomesha sadaka na dhabihu.

Huyo "naye" ni nani?

Hapa sitanii, ukijibu hilo swali nakwambia kanisa lako linafundisha nini kuhusu mambo mengine yote. Kundi la kwanza wanasema ni yule mkuu atakayekuja, yaani Mpinga Kristo, atasaini mkataba na Israeli wa miaka saba, katikati atauvunja na kuingia hekaluni. Kwa hiyo majuma 69 yaliisha wakati wa Yesu, saa ikasimamishwa, sisi tuko kwenye gepu la karibu miaka elfu mbili, na juma la 70 litaanza siku ijayo. Kundi la pili wanasema hapana, anayeongelewa ni Masihi mwenyewe, yeye ndo aliyethibitisha agano, na kifo chake ndo kilichomaliza maana ya dhabihu, hivyo juma la 70 limeshapita zamani. Yaani mstari uleule, kiwakilishi kilekile, mmoja anamwona Kristo na mwenzake anamwona Mpinga Kristo! Kundi la tatu, wengi wao wasomi wa historia, wanasema ni Antioko wa Nne Epifane, mfalme wa Siria aliyelitia unajisi hekalu mwaka 167 KK, likatakaswa tena 164 KK, na kweli 1 Wamakabayo 1:54 inakiita alichofanya chukizo la uharibifu, maneno ya Danieli kabisa.

Mimi niko kundi la pili ila namheshimu sana wa tatu, na wa kwanza simdharau. Watu hupenda kusema gepu ni uvumbuzi wa juzi wa mhubiri John Nelson Darby, si kweli, Hippolyto, mwandishi wa kanisa la kale, alishaliweka juma la mwisho kwenye mwisho wa dunia mwanzoni mwa karne ya 3. Kilichoenea kupitia Darby kwenye karne ya 19 ni ule mfumo mzima, Israeli na kanisa kila mmoja na mpango wake, na kanisa kunyakuliwa, yaani kuchukuliwa juu kwa Bwana, kabla ya dhiki ili juma la 70 libaki kwa ajili ya Wayahudi. Alafu Cyrus Scofield akatoa Marekani Biblia yenye maelezo mwaka 1909, maelezo yapo ukurasa uleule na Neno, na nadhani hiyo ndo siri yake kubwa, msomaji wa kawaida baada ya muda hakumbuki tena lipi alilisoma juu kwenye mstari na lipi alilisoma chini kwenye maelezo.

Tatizo lingine ni mwanzo wa hesabu. Danieli anasema tuanze tangu amri ya kuijenga upya Yerusalemu, ila amri ziko zaidi ya moja. Ipo ya Koreshi mfalme wa Uajemi 538 KK, ipo ya Artashasta, mfalme mwingine wa Uajemi, kwa Ezra 457 KK, ipo na ruhusa ya Nehemia kwenye 445 au 444 KK. Ukianzia 457 ukaongeza miaka 483, ukakumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri, unatua 27 BK, karibu na ubatizo wa Yesu, safi sana. Ukianzia 445 unapitiliza, ndo maana Sir Robert Anderson, ambaye aliwahi kuwa bosi wa wapelelezi wa polisi London, akaja na mwaka wa siku 360, akazidisha 483 mara 360 akapata siku 173,880, zikamfikisha Aprili ya 32 BK, Yesu anaingia Yerusalemu na punda. Inapendeza ukiiona, lakini Wayahudi walikuwa wanaongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka kadhaa ili kalenda isiachane na majira, hakuna aliyeishi miaka mia nne kwa mwaka wa siku 360. Na mwaka wenyewe 32 wanahistoria wengi hawauchagui, huwa wanabishana kati ya 30 na 33.

Hiyo 457 ndo ileile aliyotumia William Miller, mhubiri wa Marekani. Yeye alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, ambazo zikiisha patakatifu patatakaswa, akazigeuza miaka kwa kanuni ya siku moja kwa mwaka (Hesabu 14:34, Ezekieli 4:6), akasema Yesu anarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844, ikapita, wafuasi wake wakasogeza mpaka 22 Oktoba 1844, ikapita pia. Wengine waliacha imani kabisa, wengine wakasema tarehe ilikuwa sawa ila tukio lilikuwa mbinguni kwenye patakatifu, na humo ndo likatoka Kanisa la Waadventista Wasabato lililoundwa rasmi 1863. Ona basi, watu wanaoanzia mwaka uleule na wanajua hesabu vizuri tu, na bado kalkuleta haikuwasaidia, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kuzidisha.

Na Yesu mwenyewe je? Mathayo 24:15 anamtaja Danieli kwa jina na lile chukizo. Sasa fanya kitu kimoja, weka Luka 21:20 pembeni yake. Palepale Mathayo anaposema chukizo la uharibifu, Luka anasema mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi. Miaka kama 40 baadaye, 70 BK, majeshi ya Tito, jemadari wa Rumi, yaliuzunguka mji na hekalu likateketea. Ndo maana "kizazi hiki hakitapita" ya Mathayo 24:34 hainisumbui kama inavyowasumbua wenzangu wa gepu, japo nakubali sura ile ina maneno ambayo 70 BK peke yake haiyatoshelezi, kuja kwa Mwana wa Adamu na mawingu si kitu cha kukimaliza kwa kumtaja Tito.

Nikiwa hapohapo, jina Mpinga Kristo halimo Ufunuo hata mara moja, liko kwenye nyaraka za Yohana tu, na 1 Yohana 2:18 inasema wapinga Kristo wengi wamekwisha kuwapo. Na 666, ile namba ya mnyama, kila mtu anaikimbiza kwenye chipu na kadi za benki, wakati Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina thamani ya namba, inatoa 666 na kuna nakala za kale zenye 616, nayo pia inatoka kwenye jina hilohilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini. Soma 13:18 alafu usisimame kwenye namba ya sura, endelea 14:1, wako 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso. Alama mbili zimewekwa bega kwa bega, zote zinahusu nani unamwabudu.

Ule ugomvi wa unyakuo kabla ya dhiki, katikati au baada, nao una maana tu kama ile miaka saba ipo. 1 Wathesalonike 4:17 inasema tutanyakuliwa kumlaki Bwana hewani, haina kalenda yoyote ndani yake. Ukilirudisha juma la 70 karne ya kwanza, "kabla" na "katikati" zinakosa pa kukaa, inabaki kurudi kwa Kristo na ufufuo, na hilo wakristo wa makundi yote matatu wanalikiri.