Kurusha data kwa taa ya LED: anza na Manchester

Redio inaweza kubeba data kwa kubadili ukubwa, masafa au awamu ya wimbi. Kwa LED ya kawaida tunabadili kitu kimoja tu: ukali wa mwanga. Fotodayodi nayo hupima ukali huohuo na kuugeuza kuwa mkondo. Mwanga hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo kila mbinu ya modulesheni, yaani ya kupakia data kwenye mwanga, hufanya kazi kati ya giza na mwanga wa juu kabisa, na tena haitakiwi kumsumbua mtu anayesoma chini ya taa hiyo.

Mbinu nyepesi kuliko zote ni OOK (on-off keying): 1 taa iwake, 0 izime. Wengi huanzia hapo na kukwama hapo. Taa nyingi za chumbani zilizo kwenye umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mwanga wa dirishani huongeza mkondo tulivu. Ili kuviondoa tunaweka kapasita kabla ya kilinganishi, sehemu inayoamua kama ishara ni ya juu au ya chini. Lakini kapasita haitofautishi jua na data. Chukua 2.2 nF na ukinzani wa 110 kΩ: hukata masafa yaliyo chini ya takriban 660 Hz, na muda wake bainifu (RC), unaoonyesha ishara hufifia upesi kiasi gani, ni kama mikrosekunde 240. Kwa kasi ya kilobiti 20 kwa sekunde, baiti ya 0xFF (biti zote nane ni 1) ni mikrosekunde 400 za mwanga mfululizo. Kwenye oskiloskopu utaona mstari wa juu ukiteremka hadi ishara ipoteze karibu nne ya tano ya kimo chake. Ongeza baiti ya pili na kilinganishi kitakuwa kinasoma kelele.

Usimbaji wa Manchester huondoa tatizo hilo. Kila biti hugawanywa nusu mbili: 1 ni mwanga kisha giza, 0 ni giza kisha mwanga. Hata data iweje, mwanga hauwezi kukaa mahali pamoja zaidi ya mikrosekunde 50, na mteremko unabaki chini ya moja ya tano. Wastani wa mwanga ni 50% daima, na badiliko la katikati ya kila biti humpa mpokeaji saa yake. Gharama ni upana wa masafa, ambao huwa maradufu. Kwa kazi ndogo nailipa bila kusita.

Upande wa kutuma: LED nyeupe ya wati 1, rezista ya 6.8 Ω yenye uwezo wa wati 1 au zaidi, chanzo cha 5 V, na mosfeti IRLZ44N ya kuiwasha na kuizima. Kati ya pini ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) na geti ya mosfeti weka 220 Ω, na kutoka geti hadi ardhini 10 kΩ, la sivyo taa itawaka ovyo programu inapoanza.

Upande wa kupokea: fotodayodi BPW34, kathodi kwenye 5 V, anodi kwenye 10 kΩ iendayo ardhini. Kutoka hapo kapasita ya 2.2 nF, kisha rezista mbili za 220 kΩ, moja kwenda 5 V na nyingine ardhini, zinazoshikilia ishara kwenye 2.5 V (kwa pamoja ndizo ile 110 kΩ ya juu), kisha ingizo hasi la kilinganishi LM393. Ingizo chanya lipate 2.5 V yake kutoka rezista mbili za 10 kΩ, na 1 MΩ irudi kutoka kwenye tokeo ili kilinganishi kisiyumbe. Tokeo linahitaji 4.7 kΩ kwenda 5 V. Data itatoka imepinduka, irekebishe kwenye programu.

Rezista ya 10 kΩ ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Mtu anataka ishara kubwa, anaweka 1 MΩ, na kapasitansi ya fotodayodi, takriban 20 hadi 25 pF, inaviringisha kingo zote: upana unashuka kutoka karibu 600 kHz hadi 6 kHz. Jua kali nalo lina hila yake. Chini ya 5 V, 10 kΩ haipitishi zaidi ya 0.5 mA, ikijaa, ishara imekwisha kabla ya kufika kwenye kapasita, na hakuna kichujio kitakachoirudisha. Funika fotodayodi kwa kibomba cheusi, au shusha rezista hadi 1 kΩ na uongeze kikuzaji. Anza kujaribu kwa sentimita 20. Ukifika mita 1 mwanga umepungua mara 25, na hapo kikuzaji ni lazima.

Mtumiaji akitaka kufifisha taa, tumia VPPM, modulesheni ya mahali pa mpigo wa mwanga, iliyomo kwenye kiwango cha mawasiliano ya mwanga cha IEEE 802.15.7 cha 2011. Mpigo ukikaa mwanzoni mwa biti ni thamani moja, ukikaa mwishoni ni nyingine, na upana wake ndio kiasi cha mwanga. Ukishusha hadi 10%, mpigo ni mikrosekunde 5 tu, na LM393 inayochukua zaidi ya mikrosekunde 1 kuitikia huanza kuula.

OFDM hugawa data kwenye masafa mengi madogo na ndiyo njia ya megabiti nyingi, ila inataka LED ambayo mwanga wake hupanda sawia na mkondo. Vilele vya ishara vikigonga ukomo hukatwa. Aina yake iitwayo ACO-OFDM huepuka mkondo wa ziada wa kuizuia ishara isiwe hasi kwa kutumia masafa ya namba witiri pekee, na hivyo hupoteza nusu ya nafasi. Kabla ya kwenda huko, kumbuka fosfori ya njano ndani ya LED nyeupe huchelewa kuzima na kubana upana kwenye megahezi chache. Kichujio cha bluu mbele ya fotodayodi huiondoa njano hiyo, ingawa mwanga unaopokelewa unapungua pia.