Kuingia kwenye akaunti hakukagui faili

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayepokea maombi ya kazi kwa mamia, kwamba hawezi kuondoa sharti la kuingia kwenye akaunti katika fomu yake ya kupokea faili kwa sababu "tutaletewa virusi". Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, siwezi tena kuinyamazia. Sharti hilo halizuii virusi. Linajibu swali moja tu: faili hii imepitia akaunti ya nani? Kilichomo ndani ya faili ni swali jingine kabisa, nalo linabaki bila jibu.

Akaunti ya barua pepe hufunguliwa bure, kwa jina lolote, kwa dakika chache. Mwenye nia mbaya ataifungua bila shida. Anayekwama ni mwenye nia njema: aliyesahau nenosiri, anayetumia simu ya kuazima, au ambaye simu yake iko kwenye akaunti ya mwanawe, na sasa cheti chake kinafika kwa jina la mtoto. Isitoshe, faili zenye virusi hutumwa pia na watu waaminifu kabisa ambao hawajui kwamba kompyuta zao zimeambukizwa. Huyo atajitambulisha kwa jina lake halisi, ataingia kwenye akaunti yake halisi, na kirusi kitafika vilevile.

Kuhusu zana nitapita haraka. Kwenye Google Forms, ukishaweka swali la kupakia faili, kila anayejibu lazima aingie kwenye akaunti ya Google. Acheni kutafuta kitufe cha kuzima sharti hilo, hakipo; kinachozimika ni kukusanya barua pepe na kuwekea kikomo cha jibu moja kwa mtu. Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, ina ombi la faili: unatuma kiungo, mtumaji hahitaji akaunti, wala haoni walichotuma wenzake. Na mwenye tovuti yake hamhitaji yeyote kati ya hao. Fomu za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, zimejua kupokea faili tangu RFC 1867, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 1995, na hazijawahi kudai akaunti ya mtu.

Kuna pia ile njia ya Apps Script, zana ya Google ya kuendesha msimbo mdogo, ambapo unanakili msimbo wa mtu, unauweka uendeshwe kwa mamlaka yako, kisha unaufungulia kila mtu. Inafanya kazi. Ila soma ruhusa unazoombwa kabla ya kukubali: misimbo mingi ya aina hiyo inaomba kufikia Google Drive yako nzima, yaani hifadhi yako yote ya faili, si folda moja. Mgeni asiye na akaunti anaendesha msimbo wenye funguo za nyumba yako. Kama huelewi kila mstari, tumia kitu kingine.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kukagua faili upande wa seva, yaani kwenye kompyuta inayozipokea. Jina la faili limetoka kwa mtumaji. Herufi za mwisho za jina, .pdf au .jpg, zimetoka kwa mtumaji. Hata aina ya faili ambayo kivinjari kinaitangaza imetoka kwa mtumaji. Sifa ya accept mliyoiweka kwenye fomu, inayotaja aina za faili zinazotakiwa, inamsaidia mtu kuchagua faili sahihi; haimzuii aliyeamua kuikwepa. Kwa hiyo angalia baiti za mwanzo, yaani data ya kwanza kabisa ndani ya faili. PDF huanza na %PDF. JPEG huanza na FF D8 FF. Ukikuta faili iitwayo cheti.pdf inaanza na herufi MZ, hiyo ni programu ya Windows, ikatae hapohapo. Lakini usiridhike mapema: hati ya .docx huanza na PK kwa sababu kwa hakika ni ZIP, kifurushi cha faili zilizobanwa, kwa hiyo baiti hizo zinakuambia ni ZIP tu, hazikuambii ni ya nini. Na PDF halali bado inaweza kubeba kitu kibaya.

Ndiyo maana ukaguzi pekee hautoshi. Ipe faili jina jipya la nasibu. Ihifadhi nje ya folda ambayo seva inaitoa hadharani. Mtu wako anapoifungua, itoke kama kitu cha kupakua, isifunguke ndani ya kivinjari kwenye anwani yenu. SVG hasa iogopeni: inaonekana ni picha, kumbe ni maandishi yanayoweza kubeba JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari, na ikifunguliwa kwenye anwani yenu itaendeshwa kana kwamba ni ukurasa wenu.

Halafu kuna ukubwa wa faili, ambao unatesa watu kuliko virusi. Bila kubadilisha mipangilio, nginx, programu ya seva ya wavuti, inakubali ombi la megabaiti 1 tu, na PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, inakubali faili ya megabaiti 2 na ombi zima la megabaiti 8. Picha ya simu inavuka hapo kwa urahisi. Ombi zima likivuka kikomo hicho cha PHP, sehemu zote za fomu zinafika tupu, na msimbo unamjibu mtu "tafadhali jaza jina lako" ilhali amelijaza. Anajaza upya, anajibiwa vilevile, anakata tamaa. Hakuna akaunti itakayomwokoa huyo.

Nakubali kwamba ukiondoa sharti la akaunti, takataka, yaani faili zisizotakiwa, zitaongezeka. Kuwekea kikomo anwani ya IP, namba ya mtumaji kwenye mtandao, kunasaidia kiasi, lakini mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kikomo kikali kinawafungia wasiohusika. Sioni kiwango kinachofaa kila mahali. Unapowajua watumaji tangu mwanzo, mpe kila mmoja kiungo chake kisichoweza kukisiwa, chenye tarehe ya mwisho. Na kama watu watarudi kwa miezi kubadilisha hati zao, basi akaunti ina maana, kwa sababu hiyo. Programu ya kukagua virusi iweke, ila majibu yake safi si ushahidi. Wala usipeleke vitambulisho vya watu VirusTotal, tovuti ya kukagua faili kama zina virusi, kwa sababu faili za huko huweza kufikiwa na wateja wengine wa huduma hiyo.

Asiye na akaunti hana pa kuchungulia kama faili yake imefika. Mpe namba ya risiti, jina la faili aliyotuma na ukubwa wake kama seva ilivyoupokea, na ukurasa huo uonekane baada ya faili kuhifadhiwa, si baada ya kubonyeza kitufe.