Je, wajua kwa nini treni ya Mpanda inaenda polepole? Upana wa reli sio jibu

Uliza watu kwa nini treni ya Kaliua–Mpanda, kule magharibi mwa Tanzania, inajikokota, wengi watakwambia hiyo ni reli ya upana wa mita moja tu, nyembamba, subiri SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi, ije ndo utaona mbio. Hapana aisee. Malaysia nao wana reli ya mita moja, kipimo kile kile cha kwetu, na treni zao za umeme kati ya Kuala Lumpur na Ipoh zinapiga kilomita 140 kwa saa. Queensland kule Australia reli yao inaizidi ya kwetu milimita 67 tu, na mwaka 1999 treni yao ilifika 210! Sio kwamba upana hauna kazi, reli pana inaipa treni utulivu na inaruhusu kasi kubwa zaidi, ila mwisho wa uwezo wa reli ya mita moja uko mbali sana na pale tawi la Mpanda lilipo.

Tawi lenyewe lina kama kilomita 210, Waingereza walilijenga kufuata madini ya risasi likafunguliwa 1950. Mgodi ulishafungwa zamani, abiria na mizigo ndo wamebaki.

Sasa kinachoamua kasi ni kilichopo chini ya gurudumu. Chukua ubao mwembamba uulaze juu ya mtaro, ukipita unabonyea katikati na uzito wako wote unaangukia pale pale ulipokanyaga, weka ubao mnene haubonyei sana na uzito unasambaa mpaka kingo zote mbili. Reli nayo ni hivyo hivyo, inatakiwa iusambaze uzito wa ekseli kwenye mataruma kadhaa (vile vipande vinavyolala kukingama chini ya reli) kwa mpigo, mataruma yapeleke kwenye kokoto, kokoto kwenye tuta. Na ugumu haupandi sawa na uzito: reli ya ratili 80 kwa yadi (kama kilo 40 kwa kila mita) ni nzito kama asilimia 40 kuliko ya ratili 56, lakini zikiwa na umbo linalofanana ugumu wake wa kupinda ni karibu mara mbili.

Angalia kwenye kiungio, pale reli mbili zinapokutana zimebanwa na vyuma na bolti. Kama kokoto za pale zimechoka, kila gurudumu likipita taruma linazama na kupanda, maji ya mvua yanakaa kwenye kishimo, tope linarukia juu, kokoto zinasagika na shimo linazidi. Treni ikipita kwa kasi kipigo kinakuwa kikubwa zaidi, ndo maana dereva anaamriwa apunguze mwendo, hata kichwa cha treni kiwe kipya kabisa.

Mpango wa SGR ya Kaliua–Mpanda mpaka bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika, upo, na mimi nautaka sana manake ng'ambo ya pale ni Kongo. Ila kwenye reli ya zamani ya Dar–Isaka, kilomita 970, ukarabati wa mkopo wa Benki ya Dunia uling'oa reli nyepesi sehemu kibao ukaweka za ratili 80, upana ukabaki ule ule wa mita moja. Tawi la Mpanda linastahili kazi kama hiyo sasa hivi, wakati SGR inasubiriwa: reli nzito, mataruma mapya, kokoto za kutosha, na makalavati yanayopitisha maji ya masika.