Mwalimu, mbona chumvi si ya kijani?

Swali hilo niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Lindi, punde tu video ya chumvi kuyeyuka majini ilipoisha. Siku hiyo nilijiona nimejipanga: projekta ya kuazima, shuka jeupe limetundikwa ubaoni, na umeme, Mungu saidia, haukukatika. Kwenye video ioni za kloridi zilikuwa mipira ya kijani, za sodiamu zambarau; ioni hizo ndizo chembe zenye chaji zinazounda chumvi. Mtoto mwenyewe kwao wanavuna chumvi mashambani, ameikanyaga tangu anajifunza kutembea. Kijani ya wapi?

Nilicheka. Kisha nikapita kuangalia madaftari, kicheko kikaisha. Nusu ya darasa walikuwa wameandika rangi ile kama somo.

Rangi hizo ni makubaliano ya wachoraji wa modeli tu: oksijeni nyekundu, kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe. Upana wa atomu haufiki hata nanomita moja, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kwa hiyo hadubini ya maabara, inayotegemea mwanga huo, haiwezi kukuonyesha hata umbo lake, sembuse rangi. Gesi ya klorini ndiyo yenye ukijani, na ndani ya chumvi hakuna gesi hiyo.

Sijaziacha video. Nimeacha kuzionyesha kama sinema. Sasa nazima sauti, kwa sababu yule msimulizi anakimbia na Kiingereza chake na wanafunzi wanabaki kutafuta maneno badala ya kutazama. Natia chumvi kwenye glasi ya maji mbele yao kwanza. Halafu nacheza video, naisimamisha kabla fuwele haijaanza kuachana, na kila mtu anachora anachodhani kitafuata.

Michoro ndiyo inayonipa kazi. Wengi huchora chumvi imegeuka kuwa maji, na siwalaumu: kwa Kiswahili chetu cha kila siku barafu inayeyuka na chumvi inayeyuka, neno ni moja. Lakini chumvi kuyeyuka kwa joto, peke yake bila maji, inataka nyuzi 801 za Selsiasi. Kwenye glasi kinachofanyika ni kingine: molekuli za maji zinazizunguka ioni, upande wa oksijeni ukielekea sodiamu, upande wa haidrojeni ukielekea kloridi, na kuzibandua moja moja. Kwa hili neno kumumunyika linanisaidia sana, ingawa mara ya kwanza walidhani nazungumzia pipi.

Hapo ndipo video inapolipa bando lake, maana jambo hilo hakuna glasi itakayolionyesha. Kutitreti asidi kwa bureti, yaani kuipima kwa kudondosha kimiminika tone kwa tone kutoka kwenye mrija wenye vipimo, la, hilo washike wenyewe. Kumwonyesha mtu video ya fenoftalini, kiashiria cha asidi na besi, ikibadilika rangi wakati chupa ipo kabatini ni uvivu wetu walimu.

Baada ya video tunajenga fuwele mezani, korosho zikiwa kloridi na mbaazi zikiwa sodiamu, kwa kuwa ioni ya kloridi ndiyo kubwa. Korosho huwa hazirudi zote.

Mwezi uliopita niliirudia video ileile kwa darasa lile. Nikawaambia kwamba katika maji ya bahari, kila jozi ya ioni hizo ina molekuli za maji zipatazo mia moja. Yule wa swali la kijani akasogea hadi kwenye shuka, akahesabu kwa kidole, akageuka.

“Mwalimu, hapa yapo kumi na mbili tu. Mengine wameyaficha wapi?”