Paa la uwanja halisukumwi na upepo, linanyonywa

Kuna picha ya Oktoba 2024 ambayo haijaisha kuzunguka kwenye simu za vijana wa maskani yetu. Ni uwanja wa Tropicana Field ulioko St. Petersburg, Florida, asubuhi baada ya kimbunga Milton kupita. Paa lake jeupe limeraruka, vipande vinaning'inia, na kilichobaki juu ni nyaya na vyuma vitupu, mithili ya mgongo wa samaki aliyekwisha kuliwa. Wiki iliyopita wakaniwekea simu mbele ya macho kabla sijamaliza kikombe cha kahawa.

"Injinia, Marekani na pesa zao zote, paa linapasuka kama leso?"

Ndivyo alivyoniuliza mmoja wao. Mwenzake, ambaye ni shabiki wa Bandari, timu ya mpira ya hapa kwetu Mombasa, tangu akibebwa mabegani na babake, hakuuliza habari za paa. Alitazama ile picha kwa muda, kisha akasema, "Sasa hao watu walienda wapi siku ya mechi?"

Kazi yangu ni kusanifu na kukagua mapaa ya majengo makubwa hapa Pwani: maghala, masoko, majukwaa ya viwanja. Swali la kwanza nilikuwa na jibu lake pale pale. La pili ndilo lililonifanya niandike haya.

Nianze na leso, kwa sababu kijana yule alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Paa la Tropicana Field lilikuwa kitambaa kweli, kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Tefloni, kimevutwa na kukazwa juu ya nyaya za chuma. Uwanja ule, ambao ni wa besiboli, ulifunguliwa 1990, kwa hiyo kitambaa kilikuwa kimepigwa jua na mvua miaka 34. Kilikusudiwa kuhimili upepo wa kilomita 185 kwa saa. Usiku ule wa tarehe 9, kipimo cha uwanja mdogo wa ndege ulio mjini humo humo kilionyesha dhoruba ya kama kilomita 163 kwa saa. Yaani upepo haukufika hata kiwango ambacho paa liliahidiwa kuhimili. Vipande 18 kati ya 24 vya paa vilikwenda.

Aliyewahi kuanika leso kwenye kamba siku ya kusi anajua inavyokuwa. Leso haipasuki katikati. Inapiga, inalegea, inapiga tena, mpaka inachanika pale kwenye kibanio, na ikishapata mchano wa kidole kimoja, upepo unaumalizia mpaka pindoni. Paa la kitambaa hufa vivyo hivyo. Linaanzia pale linaposhikwa.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Mtu akisikia upepo umeharibu paa, anawaza mkono mkubwa unaoligonga kutoka juu au kulisukuma kando. Siyo. Upepo unapopanda juu ya paa huongeza mwendo, na hewa inayokwenda kasi hupunguza mkandamizo wake. Chini ya paa hewa imetulia, mkandamizo wake ni mkubwa zaidi. Paa linajikuta katikati, linanyonywa kutoka juu. Mahali linaponyonywa kwa nguvu zaidi ni kwenye kingo na pembe, maana ndipo upepo unapokatwa ghafla na kujizungusha.

Jukwaa la mpira lina shida ya ziada. Nyuma lina ukuta, mbele liko wazi ili watu waone mchezo. Upepo ukiingia kwa mbele hauna pa kutokea, unajikusanya chini ya bati na kulisukuma juu, huku juu ya bati upepo mwingine unalivuta juu vile vile. Nguvu mbili, mwelekeo mmoja. Ukitaka kuliona hili bila hesabu, simama kwenye foleni ya feri Likoni siku ya mvua na upepo wa baharini. Mwavuli ukielekezwa vibaya, unageuka kikombe mara moja. Jukwaa lolote ni mwavuli ulioelekezwa uwanjani.

Hesabu zenyewe si ngumu, na ningependa kila mlinzi wa uwanja azijue. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una nguvu ya kama kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba. Ukiongezeka hadi kilomita 180 kwa saa, kasi imezidi mara mbili na nusu tu, lakini nguvu imezidi mara sita na zaidi, inakaribia kilo 156, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kwenye pembe za paa zidisha tena mara mbili au zaidi. Linganisha na bati la geji 30, ambalo halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Uzito wa bati haulizuii chochote. Linaloshika paa ni skrubu, skrubu imeshikwa na upau, upau umeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na nguzo, nguzo imeshikwa na msingi. Mnyororo huo ukikatika popote, hata penye kitu cha shilingi chache, vyote vilivyo juu yake vinaondoka.

Kwa mashabiki wa mpira wenyewe, ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono na helmeti, kisa kikubwa ni cha Superdome mjini New Orleans. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoingia, ndani ya uwanja huo walikuwamo maelfu ya watu waliokimbilia humo kwa sababu ndilo lilikuwa jengo kubwa na imara lililofunguliwa kwao. Paa lile halikuwa la kitambaa. Ni kuba la chuma, upana wake zaidi ya mita 200, na juu ya chuma mlikuwa na tabaka la povu gumu na ngozi ya mpira ya kuzuia maji. Ile ngozi ilibanduka, sehemu kubwa kabisa ya paa ikabaki wazi, na penye mashimo mawili mwanga wa mchana ukaingia, pamoja na mvua, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wamelala kwenye viti. Chuma cha kuba kilisimama. Mifupa ilishika, ngozi ikaondoka. Kwa mhandisi hayo ni mafanikio ya nusu, na sipendi kuyataja hivyo mbele ya mtu aliyekuwa amelala chini ya lile shimo akiwa na mtoto.

Saints, timu ya mji huo, ikawa haina kwao. Msimu mzima wa 2005 ilicheza mechi zake za "nyumbani" San Antonio na Baton Rouge, na moja ilichezewa kwenye uwanja wa wapinzani wenyewe, huko kaskazini. Uvumi ukaenea kwamba haitarudi. Mashabiki wakagawanyika kama watu wanavyogawanyika msibani. Kuna waliosema ni aibu kuzungumzia mpira wakati majumba bado yamejaa matope. Kuna waliosema mji usipoirudisha timu, watu nao hawatarudi. Mimi nawaelewa wa kwanza, lakini nasimama na wa pili. Paa lilipotengenezwa, tiketi za msimu wote ziliuzwa zikaisha. Usiku wa tarehe 25 Septemba 2006 Saints walirudi Superdome kucheza na Atlanta, na haikupita dakika mbili mchezaji wao Steve Gleason akazuia mkwaju wa wapinzani, mpira ukaokotwa na kuwa alama. Walishinda 23 kwa 3. Nje ya uwanja leo pana sanamu ya kitendo hicho kimoja, mtu amejinyoosha hewani mikono mbele.

Ndiyo sababu swali la yule shabiki wa Bandari lilinigusa. Hakuwahi kuona mpira wa Kimarekani hata siku moja, lakini anajua maana ya timu kukosa kwake. Mwaka 2019 Bandari ilipoingia Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi zake za nyumbani zilichezwa Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka hapa. Alipanda basi la usiku. Uwanja wetu wa Manispaa nao ulibomolewa ili ujengwe upya, na ujenzi ukala miaka. Hakuna kimbunga kilichopita, lakini shabiki alibaki nje vile vile.

Mara nyingi huambiwa: sisi Mombasa hatuna vimbunga, haya yanatuhusu nini? Ni kweli kwamba tumekingwa, na kinga yenyewe ni mahali tulipo. Kimbunga huhitaji maji ya bahari yenye joto na pia mzunguko wa dunia wa kukisokota. Karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu mno, na Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini. Lakini teremka kidogo. Zanzibar iko nyuzi 6, na tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga kikaangusha mikarafuu mashamba kwa mashamba. Lindi ilipigwa tarehe kama hiyo hiyo, 15 Aprili, mwaka 1952. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, kikiwa kimeshapungua nguvu. Hiyo si mbali. Ni bahari ile ile tunayovua.

Hata hivyo kinachonikosesha usingizi si kimbunga. Ni chumvi.

Nitaeleza kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Niliitwa kukagua jukwaa dogo la uwanja wa mtaa, sitautaja, mita mia chache kutoka baharini. Kutoka chini lilipendeza. Mabati yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu mpya, safi kabisa. Nikapanda ngazi hadi ukingo wa mbele, ule unaoelekea uwanjani, nikapiga goti, nikakwangua rangi juu ya kichwa cha skrubu. Chini ya rangi kulikuwa na unga wa kahawia. Washa yake, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, ilikuwa imepasuka kama ganda la karanga, maji ya chumvi yalikuwa yakiingia pale miaka yote. Niliishika skrubu kwa vidole viwili, nikaizungusha, ikatoka. Haikunihitaji bisibisi. Nikaenda kwa ya pili, ikatoka. Ya tatu ilikatika, kichwa kikabaki mkononi mwangu. Chini yangu watoto walikuwa wanafanya mazoezi.

Skrubu moja kwenye ukingo hushika kama theluthi ya mita ya mraba. Ikioza, mzigo wake haupotei, unahamia kwa jirani zake wawili, ambao nao wameoza. Ndiyo maana paa hukaa miaka kumi bila neno, kisha likaondoka lote kwa dakika moja, na watu wakasema upepo wa leo haujawahi kuonekana. Upepo ni ule ule wa kusi wa kila mwaka. Kilichopungua ni mshiko.

Dawa yake inajulikana na mafundi wote wazuri. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, au zilizochovywa zinki nene, si zile za kung'aa za bei rahisi. Kwenye kingo na pembe zipange karibu karibu, mara mbili ya katikati. Kagua kila mwaka mwishoni mwa kaskazi, kabla kusi halijaanza, na ukague kwa mkono, si kwa jicho. Rangi iwe ya mwisho. Mkandarasi akikuonyesha rangi kwanza, mwombe ngazi.

Yote haya niliyasema pale maskani, kwa maneno mafupi zaidi, na kahawa ikapoa. Sikujua kama kuna aliyesikiliza. Jumapili yule shabiki wa Bandari alikwenda kutazama mechi ya mtaa, na jioni akanitumia picha. Haikuwa ya bao. Alikuwa ameinua simu juu ya kichwa chake akapiga ukingo wa bati: skrubu nne kwa safu, ya tatu haipo, tundu tu na alama ya kutu inayotiririka kama chozi. Chini yake ameandika, "Injinia, hapa panataka mtu."

Nimeshazungumza na wenye uwanja. Napanda Jumatano asubuhi, kabla upepo haujaamka, na yeye atanishikia ngazi.